Mgeni wa Kienyeji: Historia ya Ng'ombe wa Pembe Ndefu Karagwe

Ng'ombe wa kwanza wa ukoo wetu hakununuliwa, na hakuna aliyeandika alikuja lini. Simulizi za nyumbani zinasema baba wa babu yangu alipewa mtamba mmoja na rafiki yake, "mwaka uliofuata ule wa nzige". Mwanafunzi wa historia hufurahi akisikia maneno kama hayo, maana nzige waliandikwa kwenye ripoti za serikali kuliko walivyoandikwa watu. Makundi ya nzige yaliivamia Tanganyika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Basi mtamba yule alifika kwetu mnamo 1932, mwaka mmoja au miwili mbele au nyuma.

Alikuwa na rangi ya damu ya mzee inayoelekea weusi. Rangi hiyo huitwa bihogo, na likawa ndilo jina lake. Tangu hapo kila jike wa uzao wake huhesabiwa katika mstari wa Bihogo, hata akizaliwa mweupe. Leo zizi letu lina ng'ombe 34, na kwa hesabu ya shangazi yangu 19 kati yao ni wa mstari huo. Nasema kwa hesabu ya shangazi kwa sababu hakuna hesabu nyingine. Hana daftari. Yeye ndiye daftari.

Desemba hii familia itakaa kikao. Baba mdogo anapendekeza tuuze wote na kununua chotara wa maziwa wanne au watano. Baba hajasema kitu, ila alinipigia simu akaniambia, "Wewe si unasoma historia? Njoo utueleze hawa ng'ombe wana faida gani." Lilikuwa swali la kweli, hakuwa akinitania. Yafuatayo ndiyo niliyoyapata nilipojaribu kulijibu.

*

Tuanze na mnyama mwenyewe. Vitabu humwita Ankole, kwa jina la eneo lililoko kusini-magharibi mwa Uganda. Lakini mnyama huyu hajawahi kuwa wa Uganda peke yake. Yuko Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo, na huku kwetu Karagwe, Kyerwa, Missenyi na Ngara. Wataalamu humweka katika kundi la sanga: ng'ombe wa Afrika wenye nundu ndogo iliyokaa karibu na shingo, tofauti na zebu ambaye nundu yake huwa kubwa na hukaa mgongoni. Pembe zake zinaweza kuzidi mita mbili ukipima kutoka ncha hadi ncha. Ndani ya mfupa wa pembe hupita mishipa ya damu, na hiyo humsaidia kupunguza joto la mwili. Hutembea mbali kutafuta maji. Maziwa yake ni machache lakini yana mafuta mengi, na ndiyo maana upande huu wa ziwa samli ina heshima kuliko maziwa yenyewe.

Alitoka wapi? Swali hili linaonekana dogo, lakini watu wameumia kwa sababu ya majibu yake.

Mnamo Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke, pamoja na mwenzake James Grant, aliwasili Karagwe akitafuta chanzo cha Nile. Alipokelewa na Mfalme Rumanyika, ambaye utawala wake ulikuwa na makao Bweranyange. Speke alipenda alichokiona: ukarimu, makundi ya ng'ombe, wanawake wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa. Mmoja wao alimpima kwa kamba, akaandika vipimo vyake kitabuni bila haya. Grant aliugua mguu akabaki Karagwe hadi Aprili 1862, wakati mwenzake ameshatangulia Buganda.

Katika kitabu chake cha 1863 Speke aliandika pia nadharia. Kwa maoni yake, watawala wafugaji wa nchi hizi hawakuwa sawa na wakulima waliowazunguka. Ni lazima walitoka kwingine, upande wa Ethiopia, wakaja na ng'ombe wao wakawatawala wenyeji. Hakuwa na ushahidi zaidi ya sura za watu, masimulizi aliyoyasikia nusu nusu, na Biblia aliyoisoma kwa namna yake. Hata hivyo nadharia hiyo ilishika. Wamisionari waliikuza, watawala wa kikoloni wakaitumia, na Wabelgiji wakaiingiza katika vitambulisho vya Rwanda. Mwaka 1994 wapo waliouawa kwa hoja kwamba wao ni wageni, warudi Ethiopia walikotoka. Sisemi Speke aliua. Nasema kwamba kumwangalia mtu na ng'ombe wake kisha kumtangaza mgeni ni jambo lenye historia yake, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa barazani kwa Rumanyika.

Ushahidi uliokuja baadaye unasimulia mengine. Huko Ntusi, magharibi mwa Uganda, wanaakiolojia wamechimba makazi makubwa yaliyostawi karibu karne ya 11 hadi ya 14. Walikuta mifupa mingi ya ng'ombe, na pia dalili za kilimo cha nafaka mahali hapohapo. Ufugaji mkubwa wa nchi hii ulikua kwenye udongo huu, pembeni ya mashamba. Haukushuka ukiwa umekamilika pamoja na kundi la washindi. Mwaka 2020 watafiti waliosoma vinasaba vya ng'ombe wa asili wa Afrika walichapisha matokeo yao: ng'ombe wa mashariki mwa bara hili ni mchanganyiko wa ng'ombe wa kale wa Afrika wasio na nundu na zebu mwenye asili ya Asia, na mchanganyiko wenyewe ulitokea takriban miaka 750 hadi 1,050 iliyopita. Yaani ng'ombe tunayemwita wa asili naye ni chotara. Tofauti yake na chotara wa jirani ni kwamba yeye amekuwa chotara kwa miaka elfu moja, mahali pamoja, mikononi mwa watu waliojua wanataka nini.

Hoja hii ilinishtua kidogo, kwa sababu inampa baba mdogo silaha. Kama asili yenyewe ni mchanganyiko, kwa nini tuogope kuchanganya tena? Nitalirudia swali hilo.

*

Karagwe ya Rumanyika ilikuwa nchi ya ng'ombe kiasi kwamba hata chuma kilifinyangwa kuwa ng'ombe. Stanley alipopita mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, akaandika kuhusu sanamu za shaba za ndege na za ng'ombe. Nyingine zilikuwa za chuma, pembe zikiwa zimepindwa kwa ustadi. Mfalme wa Karagwe alihusishwa na uhunzi pamoja na ufugaji. Aliyefua ng'ombe wa chuma alikuwa anasema kwamba utawala hauwezi kufa kama ng'ombe wa nyama anavyokufa.

Utawala huo ulikuja kujaribiwa. Rumanyika alifariki, ndugu wakagombania kiti, na katikati ya migogoro hiyo ikaingia sotoka.

Virusi vya sotoka ni ndugu wa virusi vya surua. Viliingia Pembe ya Afrika karibu mwaka 1887, kupitia bandari ya Massawa, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha askari wa Italia. Mwaka 1891 ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye nchi za Maziwa Makuu, na mwaka 1896 ukavuka mto Zambezi. Ng'ombe hapa hawakuwa na kinga. Katika maeneo mengi inakadiriwa walikufa tisa kati ya kila kumi. Mwenye ng'ombe 100 Jumatatu aliweza kuwa na kumi mwezi ukiisha, na hao kumi wasiwe na maziwa. Njaa ikafuata, ndui ikafuata, na Wajerumani, waliofungua kituo chao Bukoba mwishoni mwa mwaka 1890, wakakuta nchi iliyokwisha kupigwa goti moja chini.

Kilichonisumbua zaidi maktaba ni yale yaliyotokea baada ya vifo vyenyewe. Makala ndefu ya mwanzo kuhusu historia ya Karagwe ilichapishwa mwaka 1947 katika jarida la *Tanganyika Notes and Records*, na mmoja wa waandishi wake wawili, John Ford, alikuwa mtaalamu wa mbung'o. Mwenzake, R. de Z. Hall, alikuwa ofisa wa utawala. Kwa nini mtaalamu wa wadudu aandike historia ya wafalme? Kwa sababu Ford alitaka kujua mbung'o walifikaje Karagwe, akagundua kwamba jibu haliko kwenye darubini. Ng'ombe walipokuwa wengi, nyasi zililiwa na kuchomwa kwa majira, vichaka vikabaki vichache, na mbung'o hawakuwa na kivuli cha kukaa. Ng'ombe walipokufa na watu kuhama, vichaka vilirudi. Wanyamapori wakarudi na vichaka, mbung'o wakaja na wanyamapori. Ford aliipanua hoja hiyo katika kitabu kikubwa cha 1971 kuhusu malale na nagana barani Afrika, na Helge Kjekshus akaijenga kwa Tanganyika nzima katika kitabu chake cha 1977.

Ukiifuata hoja hiyo kwenye ramani ya leo utaelewa mengi. Magharibi mwa Karagwe ya zamani kuna mapori ambayo yalitengwa kuwa mapori ya akiba ya wanyama, na mwaka 2019 yakapandishwa hadhi: Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe ni hifadhi za taifa sasa. Mgeni akisimama pale huambiwa anaona asili isiyoguswa na binadamu. Anayesoma Ford huona kitu kingine pia, nchi ambayo sehemu zake ziliwahi kuwa malisho. Jina la Rumanyika liko kwenye bango la hifadhi ambamo ng'ombe wake wasingeruhusiwa kuingia.

*

Sasa nirudi kwa Bihogo. Kati ya sotoka ya 1891 na mtamba wa mwaka ule wa baada ya nzige kuna miaka kama 40. Zizi lilijazwaje upya?

Haikuwa kwa kununua, maana hapakuwa na wa kuuza. Katika nchi zote za Maziwa Makuu ng'ombe walitembea kwa njia za mahusiano: mahari, zawadi, fidia, utii kwa mkubwa, na urafiki. Njia ya urafiki ndiyo ninayotaka uitazame. Mtu mwenye ng'ombe kumi hakuwaweka wote nyumbani. Wawili aliwapeleka kwa shemeji, mmoja kwa rafiki ng'ambo ya bonde. Aliyepokea alikunywa maziwa na kupata samadi ya migomba. Ng'ombe akizaa, kulikuwa na mapatano kuhusu ndama yupi arudi na yupi abaki. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yalikuwa na nafasi. Mwenye ng'ombe katika mazizi manne alikuwa na bahati nne.

Mahusiano hayo hayakuwa ya haki daima. Mbele ya mfalme na wakubwa, kupewa ng'ombe kulikuwa pia kufungwa kamba. Mfumo wa nyarubanja, ambao ulimfanya mkulima kuwa mpangaji kwenye ardhi ya bwana, ulidumu Bukoba na Karagwe hadi serikali ya uhuru ilipoufuta katikati ya miaka ya 1960. Sitaki kuwauzia ndugu zangu historia iliyopakwa samli. Lakini ni ukweli pia kwamba ng'ombe hawa wapo leo kwa sababu watu maskini kwa watu maskini walikopeshana uhai. Baba wa babu yangu alikuwa mkulima wa migomba. Alipewa Bihogo kwa sababu alikuwa na majani, na rafiki yake alikuwa na hofu.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Miongo mingi baadaye miradi ya maendeleo ilipoleta ng'ombe wa maziwa mkoani Kagera, ilikuja na utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: unapewa mtamba mwenye mimba, ndama jike wa kwanza unampa jirani. Wazee waliusikiliza ule utaratibu mpya kwa adabu, kama mtu anayefundishwa njia ya kwenda kwake.

*

Mipaka nayo ina neno lake. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890 ulichora mstari kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na kwa mstari huo malisho yaleyale yakawa nchi mbili. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walipewa pia kipande cha Gisaka, mashariki mwa Rwanda, wakitumaini kupitisha reli. Mwaka 1923 ukiisha walishakubali kukirudisha kwa Wabelgiji. Watu walilala kwa mfalme mmoja wakaamka kwa mwingine, kisha wakarudishwa. Ng'ombe walivuka mto Kagera kama walivyovuka siku zote.

Kuanzia mwaka 1959 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka wakiwa na mifugo yao. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini mwa mto Kagera, na pamoja na mauaji na uharibifu, maelfu ya ng'ombe waliswagwa kupelekwa Uganda, wakiwemo wa ranchi ya Missenyi. Vita vilipokwisha mwaka 1979 hata jina la mkoa lilibadilika, kutoka Ziwa Magharibi kuwa Kagera. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi. Na Septemba 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga, iliyolenga wahamiaji haramu na uhalifu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka au waliondolewa, na mijadala ya siku zile iliwahusu pia wafugaji na mifugo yao.

Nilikuwa bado mtoto mwaka ule. Nakumbuka watu wazima wakiongea kwa sauti ya chini, na nakumbuka kwamba pembe zilikuwa zimegeuka kuwa aina ya lafudhi. Miaka kadhaa baadaye baba alikuwa mnadani na maksai wawili wa kuuza, mnunuzi akamwuliza, akitabasamu, "Mzee, hawa wako wamevuka lini?" Baba alimjibu kwamba walivuka kabla mto haujawa mpaka. Wote wakacheka, na bei ikashushwa hata hivyo, kwa sababu wale maksai walikuwa "wa kienyeji tu".

Sijui mnyama mwingine aliyebeba majina mawili yanayopingana hivyo. Anapotiliwa shaka ni mgeni. Anapopangiwa bei ni wa kienyeji. Speke alimhitaji awe mgeni ili nadharia yake isimame. Soko linamhitaji awe wa kienyeji ili litoe pesa kidogo.

*

Na sasa maziwa, maana kikao kitakuwa cha maziwa.

Zizi letu likiwa na ng'ombe tisa wanaokamuliwa, tunapata kama lita 18 kwa siku. Jirani yetu ana chotara wawili wanaolishwa ndani. Anapata lita 22. Sisi tunahitaji mlima mzima. Yeye anahitaji majani tembo, pumba na bomba la maji. Na mlima wenyewe haupo tena kama zamani: upande mmoja ni mikaratusi, mwingine ni mahindi na maharage, na katikati imebaki njia ya kupitisha ng'ombe inayogombaniwa kila msimu. Baba mdogo hana chuki na pembe. Ana watoto wanne shuleni.

Mimi pia ni sehemu ya hesabu hiyo. Kila muhula wangu wa shahada ya uzamili una ng'ombe wake. Wa kwanza ulikuwa maksai wawili. Wa pili ulikuwa fahali mdogo. Nikiandika hapa kwamba ng'ombe hawa ni urithi, naandika kwa kalamu iliyonunuliwa kwa kumuuza mmoja wao. Baba mdogo aliwahi kuniambia historia hailipi ada. Nilinyamaza, kwa kuwa ndivyo ilivyo: ada ililipwa na ng'ombe, historia ikasomwa.

Lakini kuna hesabu ambayo lita hazionyeshi. Septemba 2007, kwenye mkutano wa FAO uliofanyika Interlaken, Uswisi, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ilionya kwamba Ankole wa Uganda wanaweza kutoweka katika muda usio mrefu kwa sababu wanabadilishwa kwa kasi na Friesian. Ilitolewa mfano wa ukame: wafugaji waliobaki na Ankole waliweza kuwatembeza mbali hadi kwenye maji, na baadhi ya waliokuwa wamebadilisha walipoteza zizi zima. Chotara hutoa maziwa kwa masharti: josho, dawa, pumba, maji, na daktari wa mifugo anayepokea simu. Masharti yakitimia, hana mpinzani. Yakikatika kwa miezi mitatu, ndigana kali haikopeshi.

Wenye pesa wameshaliona jambo hili. Mwaka 1983 wafugaji wa Marekani walianzisha daftari la kuandikisha uzao wa wanyama hawa, ambao mababu zao walipitia bustani za wanyama za Ulaya. Cyril Ramaphosa aliwaona kwa Rais Museveni mwaka 2004, akawapenda. Sheria za afya ya mifugo za Afrika Kusini zilipozuia wasiingizwe moja kwa moja, viinitete vilitayarishwa Kenya, na mwaka 2017 akatoa kitabu cha picha na habari zao. Mnyama anayedharauliwa mnadani kwetu anapigiwa minada ya heshima kwingine. Hilo halinipi fahari, linanipa tahadhari. Kitu cha maskini kikishakuwa cha tajiri, maskini hukinunua kwa bei ya tajiri.

Turudi kwenye lile swali la baba mdogo: kama ng'ombe huyu ni chotara wa miaka elfu, kuna ubaya gani kumchanganya tena? Jibu langu ni kwamba hakuna ubaya wowote kuchanganya. Ubaya uko kwenye kumaliza. Waliochanganya miaka elfu iliyopita walikuwa na majike wa zamani na madume mapya, wakachagua kizazi hadi kizazi: huyu amestahimili kiangazi, abaki, huyu ana hasira, auzwe. Ukiuza mstari wote wa Bihogo siku moja na kununua chotara watano, umebadilisha ng'ombe na umeachia kazi ya kuchagua. Kuanzia hapo mbegu itachaguliwa na mtu mwingine, mbali, kwa hali ya hewa nyingine.

Kwa hiyo nitapeleka pendekezo lenye sehemu tatu. Kwanza, tuuze maksai wote na majike waliozeeka, tununue chotara watatu wa kufugwa ndani kwa ajili ya maziwa ya kuuza. Hapo baba mdogo yuko sahihi na sina la kuongeza. Pili, tubakize majike 12, wengi wao wa mstari wa Bihogo, lakini wasikae zizi moja. Wanne kwetu, wanne kwa wakwe wa shangazi Kyerwa, wanne kwa rafiki wa baba ambaye bado ana malisho, kwa mapatano ya ndama kama ya zamani, ila safari hii yaandikwe. Tatu, fahali. Huyu tuliye naye amezaliwa zizini humuhumu na sasa anapanda binti zake. Tunahitaji dume la nje, na la karibu zaidi lenye sifa liko ng'ambo ya mpaka, kwa watu tunaozungumza nao lugha inayoelekeana. Kumleta kunahitaji vibali vya nchi mbili. Ni rahisi zaidi kubadilishana na familia nyingine ya wilaya hii, na kama wewe unayesoma una ya kwenu, tunaweza kuzungumza.

Kuna jambo la nne ambalo si pendekezo. Kwa desturi ya kwetu mali ya zizi hujadiliwa na wanaume, na shangazi, kwa kuwa aliolewa kisha akarudi nyumbani, hukaa jikoni wakati wa kikao. Likizo iliyopita nilikaa naye siku sita nikiandika. Alinitajia majike 41 wa mstari wa Bihogo, walio hai na waliokufa, mama kwa binti, hadi kufika kwa yule wa baada ya nzige. Alijua nani alikufa kwa homa, nani alitolewa mahari, nani aliuzwa mwaka gani na kwa shida ipi ya nani. Katika orodha hiyo yumo mmoja aliyeuzwa babu alipolazwa, na mmoja aliyeuzwa ili baba mdogo amalize kidato cha nne.

Baba aliniomba nikawaeleze faida. Nimeandika kurasa hizi, na nitazisoma nikiruhusiwa. Lakini nimemwambia kwamba nitazungumza wa pili. Shangazi akae barazani na wengine, apewe kiti, aanze yeye, ataje wote 41. Tukishawasikia majina, ndipo tuhesabu lita.